Ardhi Yote ni Msikiti: Somo Juu ya Adabu za Kambi

Katika Hadithi mashuhuri iliyosimuliwa na Hadhrat Jabir bin Abdullah r.a. na kuandikwa katika Bukhari, Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alitaja mambo matano aliyopewa na Mwenyezi Mungu ambayo hakupewa nabii yeyote kabla yake. Mojawapo ni kwamba ardhi imefanywa kwake kuwa msikiti na kitu cha kujitoharishia. Hivyo mtu wa umma wake akifikiwa na wakati wa sala mahali popote, na asali papo hapo.

Watu wengi huifahamu Hadithi hii kwa upande mmoja tu, yaani upande wa ruhusa. Husema: Alhamdulillah, dini yetu ni nyepesi, tukiwa porini twaweza kusali porini. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini kila ruhusa itokayo kwa Mwenyezi Mungu hufuatana na wajibu. Kama ardhi yote ni msikiti, basi yatupasa tujiulize: Je, nani kati yetu angethubutu kutupa chupa tupu msikitini? Nani angeacha moto ukiwaka juu ya busati na kwenda zake? Nani angekwenda haja karibu na birika la kutawadhia? Mambo ambayo tungeyaona kuwa aibu kubwa ndani ya kuta nne za msikiti, twawezaje kuyafanya bila haya katika msikiti ule mpana ambao dari yake ni mbingu?

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya ndugu, hasa vijana na wale waliojiunga karibuni, ambao husafiri na kulala katika mahema au chini ya turubai katika wilaya za Handeni na Korogwe: wengine kwa mafunzo, wengine kwa tabligh, wengine ni wanafunzi na skauti, na wengine hutaka tu kuona uzuri wa viumbe vya Mola wao. Wasomaji wetu ambao bado wanaichunguza dini ya Islam wataona humu kwamba mafundisho yake hayaishii mlangoni pa msikiti.

NCHI MBILI ZILIZO JIRANI

Yapasa ifahamike kwanza kwamba wilaya hizi mbili, ingawa zapakana, hazifanani. Handeni kwa sehemu kubwa ni nchi ya miyombo na vichaka. Kiangazi chake ni kikali, majani hukauka, na maji huwa ya shida. Sehemu ya maji yatumiwayo huko huvutwa kwa mabomba kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, kwa mradi ujulikanao kwa herufi HTM. Penye vijiji ambavyo bomba halikufika au halitoi, akina mama hutembea na ndoo kutafuta lambo au kisima.

Korogwe, kwa upande mwingine, imepitiwa na Mto Pangani wenyewe, na nyuma yake imesimama milima ya Usambara yenye ukungu na misitu mibichi. Msitu wa Nilo, ambao sehemu yake imo katika wilaya hiyo, ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2007. Katika milima hiyo ya Usambara hukua porini ua dogo la rangi ya zambarau liitwalo Saintpaulia. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul alilipeleka Ulaya, na sasa huuzwa katika vyungu karibu dunia nzima. Lakini mamilioni ya watu wanaolipenda huko ng'ambo hawajui kwamba mahali pake pa asili ni miamba michache yenye kivuli na unyevu, ambapo kundi moja la vijana wanaorukaruka laweza kulikanyaga lote kwa asubuhi moja.

Basi madhara ya kambi hayalingani kila mahali. Handeni hatari iliyo kubwa ni kumaliza maji na kuwasha moto usiozimika. Korogwe hatari iliyo kubwa ni kuchafua vijito na kukanyaga kile ambacho hakipatikani kwingine. Mwenye akili huuliza kwanza: Nchi hii ninayoingia inahofia nini?

RUHUSA NA MAHALI

Kurani Tukufu imetufundisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyeji (24:28). Wako wanaodhani kwamba fundisho hili halihusu pori, kwa kuwa, kama wasemavyo, pori halina mwenyewe. Hilo ni kosa. Kwanza, pori lina Mwenyewe, naye ni Mwenyezi Mungu. Pili, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji iko chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeviruhusu vijiji kutenga misitu yao na kuihifadhi. Pale ambapo wewe waona vichaka tu, mzee wa Kizigua huona malisho, dawa, mizinga ya nyuki na makaburi ya babu zake. Kwa hiyo kiongozi wa kambi aende kwanza kwa mwenyekiti au ofisa mtendaji wa kijiji, na kwa msitu wa hifadhi aende kwa wakala wa misitu wa serikali. Aulize mambo matatu: tulale wapi, tuteke maji wapi, na ni wapi tusipoguse.

Kuhusu mahali penyewe, Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaagiza wasafiri, katika Hadithi iliyomo katika Muslim, kwamba watuapo usiku wajiepushe na njia, kwa sababu njia ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu wakati wa usiku. Tazama hekima ya agizo hili! Lamlinda mtu asiumwe, na papo hapo lamwachia mnyama njia yake. Hema likisimikwa juu ya njia ya kwenda majini, mnyama hukosa maji usiku kucha kwa sababu yetu.

Huenda mtu akasema: "Sisi ni watu 30 tu, na twakaa siku tatu, msitu ni mkubwa, tutaudhuru nini?" Jibu ni kwamba wasafiri hawatawanyiki sawasawa katika msitu. Mahali penye mti wa kivuli, uwanda wa kulala na maji ya karibu huchaguliwa na kila ajaye. Hivyo madhara hayaenei yakapungua, bali hurundikana mahali pamoja. Kwa sababu hiyo, kama pana kiwanja kilichokwisha kulaliwa na kuwa kitupu, tulale hapo hapo wala tusifyeke kingine. Kama hapana, tuweke mahema juu ya mchanga, mwamba au majani makavu, mbali kidogo na ukingo wa mto, kwa sababu udongo wa ukingoni ni laini, na ukikanyagwa sana humomonyoka na kuingia majini.

MAJI

Yasimuliwa katika Ibn Maja kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alimpita sahaba Saad r.a. akitawadha, akamwonya juu ya israfu. Saad aliuliza kama hata katika udhu mna israfu, naye akajibiwa kwamba ndiyo, hata kama uko kando ya mto upitao. Na katika Bukhari tumeambiwa na Hadhrat Anas r.a. kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alikuwa akitawadha kwa maji ya mudi moja, na kuoga kwa pishi moja ya Kiarabu, yaani mudi nne, hadi mudi tano. Mudi moja ni karibu theluthi mbili ya lita.

Hebu tufanye hesabu. Watu 30 wakitawadha mara tano kwa siku kwa kiasi hicho, watatumia lita 100 hivi, yaani madumu matano ya lita 20. Lakini kila mmoja akimwaga lita tatu kwa udhu mmoja, jambo ambalo ni rahisi sana mtu amiminapo bila kufikiri, watatumia lita 450, yaani madumu zaidi ya 22. Tofauti hiyo ya madumu 17 katika siku moja ya kiangazi cha Handeni si hesabu ya karatasi tu. Ni maji ambayo mama fulani alikuwa ayachote kesho alfajiri. Je, sala itanguliwayo na udhu wa namna hiyo yawezaje kuwafundisha wanakijiji uzuri wa dini yetu? Na kama maji hayapatikani kabisa, sheria imetupa tayamamu. Ardhi ile ile iliyo msikiti wetu ndiyo pia inayotutoharisha.

Kadhalika sabuni isiingizwe mtoni. Mwenye kufua au kuoga ateke maji kwa ndoo, asogee mbali, na maji machafu ayamwage juu ya udongo, ambao huyachuja. Sufuria husuguliwa vizuri kwa majivu na mchanga, kama walivyofanya mama zetu kabla sabuni za unga hazijaja. Maji ya Mto Pangani yakipita Korogwe hayakomei hapo; hupita Hale penye mitambo ya umeme, huendelea mpaka mji wa Pangani, na njiani hunywewa na watu na mifugo. Kila tunachokitia huko juu, twamtilia mtu fulani katika kikombe chake.

KWENDA HAJA

Wengine huona haya kulizungumza jambo hili. Mtume Mtukufu s.a.w. hakuona haya kulifundisha, kwani ndani yake mna uhai wa watu. Katika Hadithi iliyomo katika Abu Daud aliwaonya waumini juu ya mambo matatu yanayoleta laana: kwenda haja penye vyanzo vya maji, katikati ya njia, na kivulini. Alikataza pia kukojoa katika maji yaliyotuama, na kukojoa katika mashimo ya wadudu na wanyama. Na imesimuliwa kwamba yeye mwenyewe alipotaka kwenda haja alikuwa akienda mbali.

Miaka zaidi ya 1,200 ilipita kabla wataalamu wa dunia hawajaeleza sababu zake. Mayai ya minyoo ya kichocho hutoka katika mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu vyake huingia katika konokono wa maji, kisha hutoka humo na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayeteka maji. Kipindupindu nacho, ambacho kililipuka tena nchini mwetu mwaka 2015, hupita kwa njia ya kinyesi kilichofika katika maji au chakula. Kumbe agizo lile lililotolewa katika jangwa la Arabuni lilikuwa linamlinda mtoto wa Korogwe aogeleaye kijitoni.

Utekelezaji wake ni huu. Kambi ya watu wengi ichimbe choo cha shimo siku ya kwanza kabla ya jambo jingine lolote, mbali na maji kwa hatua zisizopungua 80, tena mahali ambapo mvua ikinyesha maji hayatateremkia mtoni. Kila atumiaye afukie kwa udongo na majivu, na siku ya kuondoka shimo lijazwe. Msafiri aliye peke yake achimbe kishimo cha kina cha shubiri moja, kwa umbali ule ule, kisha akifukie. Na kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

MOTO NA KUNI

Usiku mmoja nyumba moja ya Madina iliungua pamoja na watu wake. Mtume Mtukufu s.a.w. alipopewa habari hiyo alisema kwamba moto ni adui wa watu, na akaagiza uzimwe wakati wa kulala. Kama agizo hilo lilitolewa kwa nyumba za udongo, je, lina uzito gani katika miyombo ya Handeni mwezi wa Agosti, wakati majani yamekauka na upepo unavuma? Mti wa mpingo huhitaji miaka 70 na zaidi kukomaa. Moto wa saa moja waweza kuteketeza miche ambayo wajukuu wetu wangeikuta imekuwa miti.

Kwa hiyo mafiga yawekwe mahali palipokwisha kuwa na majivu ya zamani, na nyasi na majani yafagiliwe pande zote mpaka udongo uonekane. Moto uwe mdogo wa kutosha sufuria tu. Kuni ziwe zile zilizoanguka na kukauka zenyewe, nyembamba, zinazovunjika kwa mkono. Wala shoka lisiguse mti ulio hai. Magogo makubwa yaliyooza yaachwe, maana ni makao ya viumbe na chakula cha udongo. Mwenye jiko dogo la gesi au la mafuta ya taa na alitumie, hasa wakati wa kiangazi. Wala asidhani mtu kwamba akija na gunia la mkaa hakukata mti. Mti ulikatwa, ila yeye hakuuona ukianguka.

Wakati wa kuzima, kufukia makaa kwa udongo hakutoshi. Moto huweza kukaa humo, ukapita katika mizizi na vigogo vikavu, ukatokea mahali pengine baada ya wenyewe kuondoka. Yamwagwe maji, yakorogwe majivu, yamwagwe tena, mpaka mkono uweze kuyagusa bila kuungua.

Hadhrat Abu Bakr r.a., Khalifa wa kwanza, alipotuma jeshi kwenda Sham, aliliagiza lisikate miti yenye matunda wala lisichinje kondoo isipokuwa kwa chakula. Hayo yalikuwa maagizo kwa watu waendao vitani. Sisi twaenda kwa amani. Tutatoa udhuru gani?

VIUMBE WENGINE

Imesimuliwa na Hadhrat Abdullah bin Masud r.a. kwamba safarini masahaba waliona ndege mdogo aliyekuwa na makinda mawili, wakayachukua makinda yale. Ndege yule akaja akipapatika. Mtume Mtukufu s.a.w. aliporejea aliuliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru arudishiwe. Na katika safari hiyo hiyo aliona makao ya sisimizi yaliyochomwa moto, akawafundisha kwamba haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto.

Ndugu msomaji, zingatia kwamba mambo hayo yote mawili yalitokea njiani, kati ya watu waliotua kwa muda tu na waliokuwa karibu kuondoka. Wangeweza kusema, "Kesho hatupo." Lakini ndege angekuwapo, na Mola wake angekuwapo.

TAKATAKA

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Tanzania. Hata hivyo chupa za maji, vifuko vya biskuti na makopo bado vipo, na atembeaye kando ya barabara karibu na Segera hana haja ya kuelezwa. Plastiki ikichomwa hutoa moshi wenye sumu. Ikifukiwa, mbwa na mvua huifukua. Ng'ombe au mbuzi akiila huweza kufa, na mwenye kulipia hasara ni mfugaji ambaye hata hakuwaona wageni waliokula biskuti zile. Dawa ni moja tu: kilichokuja na sisi kirudi na sisi. Kambi iwe na gunia lake, na chakula kiondolewe katika makaratasi na vifuko nyumbani, kitiwe katika vyombo vinavyooshwa. Mtume Mtukufu s.a.w. amesema kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi mojawapo la imani. Basi anayekiweka je?

PINGAMIZI MOJA NA JIBU LAKE

Wapo wasemao: "Wachoma mkaa wanakata mamia ya miti, na mifugo inamaliza majani, kwa nini mtushughulikie sisi wenye hema moja?" Kurani Tukufu imejibu kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine (6:165). Mchoma mkaa wa Handeni, ingawa kazi yake ina madhara, mara nyingi hutafuta ada ya shule ya mwanawe, na mnunuzi wake ni sisi wakaao mijini. Yeye ana shida yake ya kueleza. Aliyekwenda porini kwa hiari yake, na chakula chake mkobani, akauacha mto mchafu, hana hata hiyo.

Na tukimwona ndugu mgeni wa mambo haya akikosea, tusimfokee. Bedui mmoja alikojoa ndani ya msikiti wa Mtume s.a.w., masahaba wakamwinukia kwa hasira. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwazuia, akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale, na akamfundisha mtu yule kwa upole. Uchafu uliondolewa, na mtu hakupotea. Hiyo ndiyo njia ya kurekebisha watu, katika msikiti wa kuta na katika msikiti wa miti.

SIKU YA KUONDOKA

Mwisho, kabla ya safari ya kurudi, kiongozi wa kambi awapange watu wote mstari mmoja, watembee polepole kutoka upande huu hadi upande ule, macho chini, wakiokota hata kipande cha uzi. Mawe yarudishwe yalikotolewa, mifereji ifukiwe, majani yaliyolala yainuliwe. Kisha waende kumuaga mwenyekiti wa kijiji, wamwombe aje kutazama. Nyayo zetu zitafutwa na mvua ya vuli. Kisichofutwa na mvua ndicho tutakachoulizwa. Mwanakijiji ambaye hajasoma kitabu chetu hata kimoja atasoma kiwanja kile, naye ataamua humo kama maneno tuliyomhubiria ni ya kweli.

Kurani Tukufu yawasifu waja wa Rahmani kuwa ni wale wanaotembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu (25:64). Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwao, nyumbani na safarini, mbele za watu na mahali asipotuona mtu. Amin.